Aliyechimba Ndiye Anayeegesha

Asubuhi yangu ya kwanza ya theluji hapa Chicago nilikuta kiti cha jikoni kimesimama barabarani. Kilikuwa cha miguu ya chuma na kikalio cha plastiki ya manjano, kilichozibwa kwa utepe wa gundi sehemu mbili. Kimekaa peke yake kwenye nafasi safi inayotosha gari moja, kulia ukuta wa theluji na kushoto ukuta wa theluji. Mimi nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nitoke Luiziana, na kwetu barafu tunaiona ndani ya glasi. Nikajisemea, watu wa huku wana mambo, mtu mzima anatupa kiti katikati ya njia. Nikakiondoa, nikaegesha gari langu, nikaingia ndani kulala, maana nilikuwa nimetoka zamu hospitalini.

Nilipoamka saa nane mchana, gari langu lilikuwa ndani ya barafu. Sisemi juu ya barafu, nasema ndani. Mtu alikuwa amelimwagia maji ndoo baada ya ndoo, kwa subira, mpaka vitasa vyote vya milango vimezama. Na kile kiti cha manjano kilikuwa juu ya paa la gari, kimenikalia kama hakimu.

Nikaenda nyumba ya jirani nikiwa nimevaa viatu vya ndani, hasira zimenipanda mpaka sisikii baridi. Akafungua mwanamume mfupi mpana, mvi zimesimama, mkononi ana kikombe cha kahawa.

"Wewe ndiye uliyelimwagia gari langu maji?"

"Wewe ndiye uliyeondoa kiti changu?"

"Kiti kilikuwa barabarani!"

"Kilikuwa barabarani kwa sababu mimi nilichimba pale. Saa mbili na nusu nzima, kwa mgongo huu. Unatoka wapi wewe?"

"Luiziana."

Akanitazama kwa huruma kubwa. "Lo! Basi hujui kitu, masikini. Ingia ndani mke wangu akupe supu. Barafu nitaitoa mwenyewe."

Na kweli aliitoa, kwa nyundo ya mpira na maji ya vuguvugu, mpaka giza likaingia. Pole hakusema. Mkewe Bernadine ndiye aliyenikalisha mezani na kunieleza sheria ya mtaa, ambayo haimo katika kitabu chochote cha jiji na kila mtu anaitii: theluji ikianguka, ukichimba nafasi mbele ya nyumba yako, unaweka kiti, na nafasi ni yako mpaka theluji iyeyuke. Norbert akasimama mlangoni na nyundo yake, akaifupisha.

"Aliyechimba ndiye anayeegesha. Hukuchimba, huegeshi. Basi."

Huyo ndiye Norbert Gajewski, na hivyo ndivyo nilivyomfahamu miaka kumi na miwili iliyopita. Tangu siku ile hakuniita Clotilde hata mara moja. Aliniita Luiziana.

Norbert alizaliwa katika mtaa huohuo, nyumba ya nne kutoka aliyokuwa akiishi. Alifanya kazi ya maji ya jiji miaka thelathini na minne. Mabomba makuu hapa hupasuka majira ya baridi, na yakipasuka lazima mtu ashuke shimoni, maji ya barafu yakimfika kiunoni, akayafunge. Mtu huyo alikuwa yeye. Alipostaafu hakuachia beleshi. Alichimba nafasi yake, akasafisha njia ya miguu ya kwake, ya kwangu, ya mzee Zielinski wa upande wa pili ambaye walikuwa hawasemezani, halafu akarudi kuangalia kama kuna punje iliyobaki. Ndani ya nyumba hakuwa na kiti chake. Alikula akiwa ameegemea sinki. Bernadine alikuwa na msemo kwamba ameolewa na mtu ambaye amemwona amekaa mara mbili tu, kanisani siku ya harusi na hospitalini alipozaliwa binti yao, Renee. Na vile viti sita vya manjano walivyopewa zawadi siku ya harusi, vitano vilikufa kimoja kimoja, cha sita akakiweka barabarani kulinda theluji.

Bernadine alikuwa kinyume chake. Alipika chakula cha wanafunzi shuleni mpaka mapafu yakamkatalia, na alikuwa na kicheko. Nyumba zetu zimebanana, kati yake anapita mtu mmoja kwa ubavu, kwa hiyo kicheko kile kilikuwa mali yangu pia. Kilianza chini, kikapanda, na kila mara kabla hakijafika mwisho kikakatwa na kikohozi. Kikohozi kirefu kibaya. Mimi jikoni kwangu nilikuwa naacha nilichoshika, nasubiri kiishe. Kupitia ukuta nilisikia mkono wa Norbert ukimpigapiga mgongoni. Sigara aliziacha zamani, lakini sigara hazikumwacha. Kila Januari baridi ilipokaza, Bernadine alilazwa. Januari moja siku sita, iliyofuata siku kumi na moja.

Mara ile ya siku kumi na moja daktari alizungumza nao kwa dakika tano, na Norbert akanifuata nje ya jengo.

"Luiziana, wewe unafanya kazi humu. Yule kijana alimaanisha nini?"

"Amesema hewa ya baridi ndiyo inayommaliza."

"Nilisikia alichosema. Nakuuliza alimaanisha nini."

"Alimaanisha mhame, Norbert. Januari kama hizi hana nyingi."

Alirudi nyumbani, akachukua beleshi, akatoka nje. Kulikuwa hakuna theluji ya kuchimba. Akachimba ile iliyokwisha kurundikwa, akaihamishia upande mwingine.

Pa kuhamia palikuwapo. Renee anaishi Lakeland, Florida, na alikuwa amewajengea chumba nyuma ya nyumba yake, chenye mlango wao wenyewe. Norbert alikuwa hataki kusikia.

"Nikahamie kule nikafanye nini? Nikae barazani na kaptura nisubiri kufa? Nyumbani ni nyumbani ingawa pangoni."

"Pango hili linaniua mimi," Bernadine akamjibu siku moja, bila ukali, huku anageuza pierogi, sambusa za Kipolandi, kwenye kikaango. Nilikuwapo. Ilikuwa Desemba na alikuwa na mpira wa hewa puani, mashine yake ndogo ikinguruma kiunoni. "Sikiliza, mzee. Nimepata safari ya meli. Siku saba, Karibi. Tunaondokea Tampa. Wewe na mimi."

"Meli? Mimi?"

"Wewe. Siku saba kwenye joto. Ukiweza kukaa, Norbert, kukaa tu kama binadamu wengine, saa moja nzima bila kulinda kitu na bila kutafuta cha kuchimba, tunahamia kwa Renee. Ukishindwa, sitaitaja Florida tena mpaka siku utakayonizika."

"Bernie, usiseme hivyo."

"Nimeshasema. Luiziana ni shahidi. Nipe mkono."

Wakapeana mkono juu ya kikaango kama watu wanaouziana gari. Mimi nikatazama pembeni. Nilitaka huyu mzee akae, apoteze dau lake, kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nilijua kwamba akikaa nitabaki mtaani peke yangu na theluji yao.

Nje, tulipokuwa tunaagana, Norbert akaniambia kwa sauti ndogo, "Siwezi kukaa, Luiziana. Sijui watu wanakaaje. Nitamshinda." Hakuna mshindi niliyemwona amekosa raha kiasi kile.

Januari nikawapeleka uwanja wa ndege wa Midway kwa gari lake, kisha nikalirudisha kwenye nafasi yake, maana ndivyo nilivyoagizwa. Maagizo mengine yalibandikwa kwenye friji yake, mistari kumi na minne. Washa gari kila asubuhi dakika kumi. Ikianguka zaidi ya inchi tatu, chimba siku hiyohiyo. Ukitoka na gari, weka kiti. Usirushe theluji upande wa Zielinski, anahesabu.

Yaliyotokea melini nimesimuliwa na Bernadine mara mbili na Norbert mara moja. Nafuata maneno ya Bernadine, kwa sababu Norbert alitaka kuruka sehemu nzuri.

Siku ya kwanza tu, wenzake wakiwa wanapiga picha na kunywa vitu vyenye vijimwavuli, Norbert alizunguka meli nzima akiipima. Akapata mahali: sitaha ya kumi, upande wa nyuma, penye kivuli, hapafiki moshi wa wavuta sigara wala upepo mkali, na ukutani kuna tundu la umeme la mashine ya hewa. Viti viwili vya kujinyoosha vilikuwa pale. Kesho yake saa kumi na nusu alfajiri, saa aliyokuwa akiamka kwenda kazini miaka yote, alipanda, akatandika taulo mbili, akazibana kwa vibanio vya nguo alivyotoka navyo nyumbani. Alikuwa amefunga vibanio ndani ya soksi, kwenda Karibi. Halafu akakaa kwenye ukingo wa kiti, magoti yamesimama, macho huku na huku, kama askari wa benki.

Bernadine alipanda kwa lifti saa tatu.

"Umepumzika?"

"Nalinda."

"Unamlinda nani?"

"Wewe hujui. Watu wanapitapita hapa wanaangalia taulo."

Kutwa hivyo. Chooni alikwenda mbio. Akanunua na mtandao wa meli, si wa kuzungumza na mjukuu, bali apate habari za theluji ya kwetu. Kila asubuhi simu yangu ililia.

"Inchi ngapi?"

"Norbert, Bernadine anaendeleaje?"

"Mzima. Inchi ngapi?"

"Baba wee, uko bahari ya Karibi!"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe. Huku hakuna."

Siku ya tatu nikamwambia inchi tisa, na ilikuwa kweli. Akasikitika kama mtu aliyekosa sikukuu. "Chimba kutoka kwenye magurudumu kuja nje," akaniambia. "Usiinue kwa mgongo." Nikachimba. Kesho yake gari la jiji la kusukuma theluji likapita, likanirudishia yote, nikachimba tena huku nikimtukana kwa Kifaransa cha bibi yangu. Wiki ile nilichimba mara nne.

Lakini kuna jambo ambalo mlinzi wetu alikuwa halioni. Siku ya kwanza, kutoka chumbani mpaka kwenye lifti, Bernadine alisimama mara nne kuvuta pumzi. Siku ya tatu alisimama mara moja. Meli ilipotia nanga Cozumel, Norbert alikataa kushuka asije akapoteza viti, basi Bernadine akashuka na kina mama wawili waliokuwa wakila nao meza moja, akatembea gati lote kwenda na kurudi, akamnunulia mumewe shati la kasuku. Walipofika Roatan aliijaribu ngazi. Akapanda sitaha moja kwa miguu, taratibu, mkono kwenye reli. Hakumwambia mumewe. Alitaka aone mwenyewe.

"Nilikuwa napita mbele yake kama bibi harusi," aliniambia, "na yeye anaangalia taulo."

Siku ya tano ilikuwa ya baharini tupu, hakuna bandari, kwa hiyo watu wote walikuwa juu wakiwinda kivuli. Asubuhi hiyo Bernadine aliamka na njaa. Si njaa ya kula mkate nusu, njaa hasa, aliyokuwa hajaisikia mwaka mzima. Akamfuata Norbert kwenye kituo chake cha ulinzi, akamburuta mpaka kwenye bafe. Alikula mayai, akala chapati za maji za asali tatu, akarudi kuongeza. Norbert hakula. Alikuwa juu ya miiba, anaangalia saa, anaangalia mlango. Saa moja na dakika kumi zikapita.

"Nenda basi," Bernadine akamwambia mwishowe. "Nenda kaangalie watoto wako. Nakuja."

Alikuta taulo zake zimekunjwa vizuri mezani, vibanio vimepangwa juu yake. Mhudumu wa sitaha, kijana wa Bali aitwaye Ketut, alikuwa ametekeleza sheria ya meli iliyobandikwa ubao mzima: kiti kisicho na mtu kwa dakika arobaini kinaachwa huru. Norbert, msomi wa sheria za viti, hakuwahi kuusoma ule ubao. Na juu ya viti vyake alilala mkulima wa ngano wa Manitoba, Kanada, jina lake Garth, mtu mzito mwekundu kama nyanya, pamoja na mkewe Lorna.

"Hivyo viti vyangu," Norbert akasema.

Garth akafungua jicho moja. "Umevileta kutoka kwenu?"

"Nilikuja hapa saa kumi na nusu. Nikaweka taulo. Kila siku naweka."

"Pole sana, mzee. Sisi tumevikuta wazi."

"Huwezi kuondoa alama ya mtu ukakalia nafasi yake! Huna adabu?"

"Sikuondoa kitu mimi. Tulia baba, bahari ni kubwa."

Kwa watu wa mtaa wetu hakuna kosa baya kuliko lile. Watu wamekosana na ndugu zao wa damu kwa ajili ya nafasi moja ya gari. Norbert aliniambia kwamba pale alipoteza fahamu ya alipo; alijiona yuko mbele ya nyumba yake, na mikono yake ikajua cha kufanya kabla yake. Kwenye meza ya Ketut kulikuwa na jagi kubwa la maji ya barafu. Akalichukua kwa mikono miwili, akasimama juu ya Garth, akalimwaga lote kuanzia magotini mpaka vidoleni.

Watu wakageuka. Jua lilikuwa linachoma kiasi kwamba mbao za sitaha huwezi kuzikanyaga peku.

Garth akafumba macho. Akanyoosha miguu. "Aaaah," akasema. "Mungu akubariki, mzee. Ongeza kidogo na kichwani."

"Nimekumwagia maji!" Norbert akamwambia, kwa sababu alidhani hajaelewa.

"Nimeyasikia! Nimesafiri meli nne, sijapata kuhudumiwa hivi."

"Na mimi usinisahau, baba," akasema Lorna, akatoa miguu yake nje ya taulo.

Sitaha nzima ikaangua kicheko. Norbert amesimama, jagi tupu mkononi, vipande vya barafu vinayeyuka kwenye vidole vya adui yake, na hana adhabu nyingine anayoijua. Nyuma yake ikasikika sauti ya mkewe.

"Norbert. Hapo umechimba nini?"

Akageuka. Bernadine amesimama juu ya ngazi, mkono kwenye reli.

"Nakuuliza. Aliyechimba ndiye anayeegesha, si ndiyo? Haya. Hapo wewe umechimba nini? Umetandika taulo."

Norbert akazitazama taulo zake pale mezani. Miaka yote ile alikuwa ameihubiri ile sheria, na hakuna aliyewahi kumhukumu kwayo. Uso wake uligeuka mwekundu kumpita Garth. Bernadine akamtazama, jagi, kasuku wa shati, Garth anachezesha vidole, akashindwa kujizuia. Akaanza kucheka.

Sasa mimi nimeishi nao ukuta kwa ukuta, najua mwili wa Norbert hufanya nini Bernadine akicheka. Mkono wake wa kulia hutoka wenyewe kwenda kumshika mgongo. Ukatoka. Akapiga hatua mbili, mkono uko hewani, anasubiri kile kikohozi. Kicheko kikapanda, kikafika pale kinapokatwa siku zote, kikapita. Kikaendelea kupanda. Bernadine akafuta machozi, akatazama tena miguu ya Garth, akaanza upya, na kicheko cha pili nacho kikafika mwisho wake na kuisha chenyewe, kama vicheko vya watu wengine. Mkono wa Norbert ulikuwa bado uko hewani, hauna kazi.

Ndipo alipoitazama ngazi.

"Umepanda kwa miguu?"

"Tangu Roatan."

"Mashine iko wapi?"

"Chumbani. Nayo iko likizo."

Norbert akakaa chini. Alikaa pale pale kwenye mbao zilizolowa, karibu na miguu ya mtu aliyemmwagia maji, jagi mapajani. Ketut akaja mbio akidhani mzee ameanguka, akataka kumletea kiti, tena kivulini. Norbert akatikisa kichwa. Bernadine akasogea akakaa karibu naye kwenye taulo, wakaegemeana. Hakumkumbusha lile dau. Walikaa hivyo mpaka watu walipokwenda kula cha mchana, bahari ikipita polepole nyuma ya meli, na katika muda wote huo mume wake alisema sentensi moja.

"Nilidhani kile kikohozi ni chako, Bernie. Kumbe ni cha Chicago."

Nilikwenda kuwapokea Jumapili jioni. Nje ya mlango wa Midway ilikuwa baridi ile inayobana pua. Bernadine, amewiva jua, amevaa koti juu ya gauni la maua, akanikumbatia, akavuta pumzi ya kwanza aniambie jambo, na kikohozi kikamkunja juu ya kigari cha mizigo. Norbert akamshika mgongo. Akanitazama juu ya kichwa cha mkewe, na sikuweza kuyastahimili yale macho. Nikapakia mizigo, nikaendesha. Tulipofika aliteremka, akaikagua nafasi yake kwa tochi ya simu, pembe zote nne.

"Umerusha upande wa Zielinski."

"Nimerusha."

Akaingia ndani. Sikulala vizuri.

Asubuhi saa mbili kengele ikalia. Nikafungua, Norbert amesimama kwenye baridi na kofia yake ya masikio, ameshika kile kiti cha manjano kwa mikono miwili. Nyuma yake nafasi yake ilikuwa tupu. Gari lake niliona ameliegesha mwisho kabisa wa mtaa, kwenye theluji isiyochimbwa, limekaa upande.

"Shika," akasema.

"Cha nini?"

"Wiki hii nani alichimba pale?"

"Mimi, lakini wewe ndiye uliyeniagiza."

"Sikukuuliza nani aliagiza. Nani alichimba?"

"Mimi."

"Mara ngapi?"

"Nne."

"Basi unajua sheria."

Nikakitazama kiti, nikamtazama yeye, nikaelewa anachoniambia. "Bernadine anajua?"

"Yuko kwenye simu na Renee tangu saa kumi na mbili. Wanabishana rangi ya mapazia." Akapenga kamasi kwenye glavu. "Nilikaa, Luiziana. Zaidi ya saa moja. Anao mashahidi, yule mkulima mpaka amenipa anwani."

Nilikuwa nimeomba kwa Mungu iwe hivyo, na ilipokuwa, nikaingiwa na hasira kama ya siku ile ya kwanza. "Miaka kumi na moja unanifundisha baridi," nikamwambia, "halafu unaniachia!"

"Usilie hapa nje, mama. Yatagandia shavuni, nani atayabandua?"

Nikapokea kiti. Kilikuwa chepesi kuliko nilivyofikiri.

Walihama wiki ya mwisho ya Februari, theluji ingali imelala. Nyumba wamenunua vijana wawili kutoka Arizona. Desemba iliyofuata mmoja wao alikiondoa kile kiti akidhani kimetupwa, na nakiri kwamba nilijaza ndoo kabla sijakumbuka kwamba kwanza mtu huitwa ndani anywe supu. Vibanio vya nguo Norbert alisahau kwangu. Beleshi hakusahau, alikwenda nalo Florida.

Juzi theluji ilianguka tangu alfajiri. Saa moja jioni simu ikalia.

"Inchi ngapi?"

"Saba na nusu."

"Umechimba?"

"Nimemaliza sasa hivi."

"Kiti?"

"Kimesimama."

"Safi. Mimi nimekaa hapa barazani," akasema, "na kaptura." Bernadine aliyasikia hayo akiwa huko ndani kwao, akaanza kucheka. Kikaanza chini, kikapanda. Norbert akatega sikio, nami nikatega langu, nimesimama jikoni na viatu vyangu vya theluji, wote wawili tunasubiri. Kikapanda, kikapita pale, kikafika mwisho, kikaisha.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."